Chumba cha Maneno Mawili

Mlango wa Chumba cha Lakiri ulifungwa saa tatu asubuhi siku ya Jumanne, na kwa sheria ya Baraza la Maji usingefunguka mpaka watu wawili waliokuwa ndani wakubaliane neno. Maneno yenyewe yalikuwa mawili tu. Yalichongwa kwenye vitufe vya shaba kando ya mlango, jozi moja kwa kila msomaji wa sampuli: SALAMA, na chini yake, SI SALAMA. Wote wakibonyeza neno lilelile, chuma kinarudi ukutani na watu wanakwenda zao. Wakitofautiana, au mmoja akikataa kubonyeza, wanakaa. Kuna jozi iliyowahi kukaa humo siku kumi na tisa, na walipotoka mmoja wao hakuweza kuvuka barabara peke yake kwa mwezi mzima.

Nanyori aliijua sheria hiyo na aliipenda. Kabla haijatungwa, wakaguzi wa dawa na maji walikuwa wakipigiwa simu wakiwa kazini, wakitishwa, wakiahidiwa vyeo, na vyeti vilitoka kabla ya vipimo. Lakiri ilikomesha hayo. Msomaji akiingia haongei na mtu wa nje, hapokei barua, hajui hata kama mvua inanyesha. Anaacha simu, saa na hereni mapokezi. Jina lake linafutwa kwenye daftari siku anayotoka, asije akatafutwa na mtu. Na akishabonyeza, hana ruhusa ya kusema lolote juu ya sampuli ile mpaka anaingia kaburini. Mara sita Nanyori alikuwa ameingia humo, na mara sita alitoka kabla ya chakula cha jioni.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema alipomkuta msomaji mwenzake amekwisha kukaa.

"Marahaba, binti yangu. Kumbe ni wewe." Mwalimu Anaeli Mbise alitabasamu, ila macho yake yalikuwa mlangoni. Alikuwa mtu wa miaka sitini na miwili, mwembamba, mwenye vidole virefu vya mpiga kinanda cha kanisani. Yeye ndiye aliyemfundisha Nanyori kuendesha hadubini ya elektroni, enzi zile binti huyu ni mwanafunzi anayeogopa kugusa kitufe asije akaunguza mashine ya watu. "Basi kazi itakuwa nyepesi. Mchana tutakula makwetu."

Chumba kilichongwa ndani ya mwamba, mita arobaini chini ya ardhi, kwa sababu hadubini haipendi mtikisiko. Lori likipita juu, picha inacheza. Kulikuwa na mashine, viti viwili, vitanda viwili vya turubai, choo nyuma ya ukuta mfupi, na kidirisha cha chuma ambapo askari wa zamu alipitisha chakula bila kusema neno. Taa ilikuwa moja na haikuzimwa kamwe.

Sampuli ilikuwa kipande cha mfupa kisichozidi ukucha wa kidole kidogo. Haikuwa na jina, ila namba, na maelezo mafupi: paja, mtoto wa kike, miaka kumi na mmoja, kijiji kinachotumia mzinga uliowekwa miaka kumi iliyopita. Lakini nani asiyejua? Bonde zima lilikuwa limesikia habari za msichana wa Ngarepolo aliyeinuka mkekani baada ya kula, na paja lake likakatika kama ukuni mkavu. Hakuanguka. Hakugongwa. Aliinuka tu.

Na swali waliloletewa lilikuwa hili: nyuki wa maji ni salama, au si salama?

Nyuki hao walikuwa chembe ndogo kuliko vumbi la ua, kila mmoja ganda tupu la seriamu, metali nzito inayoshika floraidi na kuing'ang'ania. Walitengenezwa wajiendeshe. Asubuhi waliachiwa ndani ya tangi la kijiji, wakazunguka majini wakikusanya floraidi, na jioni mzinga wa sumaku uliokuwa chini ya tangi ukawaita wakarudi kutua mzigo. Kwa vizazi na vizazi, watu wa chini ya Mlima Meru walikunywa maji yaliyowatia meno rangi ya kutu na kuipinda mifupa yao. Nyuki walikomesha hilo ndani ya miaka miwili. Sasa watu laki nne walikunywa maji yao.

Kaka yake Nanyori, Lemayan, hakuwawahi. Alikunywa maji ya mto mpaka akawa kijana mzima, na miguu yake ilijikunja kama mikono ya mtu anayebeba ndoo kichwani. Siku hizi hata shingo haigeuki. Ukimwita kutoka nyuma, hugeuka mwili mzima, taratibu, akiwa ameshika fimbo. Lakini binti yake Nanyori, Nashipai, mwenye miaka tisa, aliruka kamba mpaka majirani wakalalamika kelele.

Mwalimu aliingiza sampuli kwenye tumbo la mashine, akawasha pampu. Walisubiri hewa itoke, maana elektroni haziendi penye hewa. Hugongana nayo kama mtu anayejaribu kukimbia katikati ya gulio. Taa ya kijani ilipowaka, Mwalimu akashusha mwale, na picha ikajichora kwenye skrini, mstari baada ya mstari, kutoka juu kwenda chini.

Ilikuwa nyeupe-kijivu, tambarare, safi kama ubao wa darasani uliofutwa kwa kitambaa kibichi.

"Hakuna ufa, hakuna kidonda," Mwalimu alisema. Aliikuza mara elfu tano, akaikuza tena. "Mfupa mzuri kabisa. Huyo mtoto labda alikuwa na ugonjwa wake mwingine." Akainuka, akaenda kusimama mbele ya vitufe vyake.

"Mwalimu, hii ni picha ya jicho la ngozi."

"Kiwango cha Baraza kinataka hiyo."

"Mfupa umesuguliwa mpaka ukawa kioo. Jicho la ngozi likitazama kioo litaona nini zaidi ya kioo?"

Alisema hivyo kwa upole, kwa sababu maneno yenyewe alikuwa amefundishwa na yeye. Mashine ilikuwa na macho mawili. Mafundi waliyaita hivyo. Mwale unapopiga kitu, huzibandua elektroni nyepesi zilizo juujuu kabisa, dhaifu, zisizoweza kutoka mbali. Kigunduzi cha kwanza huzivuta kwa umeme kama sukari inavyovuta sisimizi, na kwa hizo huchora milima na mabonde ya ngozi ya kitu. Hilo ndilo jicho la ngozi. Lakini baadhi ya elektroni za mwale wenyewe hupenya ndani, zikakutana na atomu nzito, zikadunda na kurudi kule zilikotoka kwa nguvu karibu zilezile. Atomu ikiwa nzito zaidi, zinazodunda ni nyingi zaidi. Kigunduzi cha pili, chenye umbo la bangili, huingizwa juu ya sampuli kuzidaka hizo, na picha yake haijali milima wala mabonde. Inachora uzito. Chepesi hutoka cheusi, kizito hutoka cheupe. Hilo ndilo jicho la uzito.

Mwalimu aliviacha vitufe. Kisha akarudi kitini bila kumtazama. "Ingiza basi," alisema.

Nanyori aliingiza bangili, akapandisha nguvu za mwale mpaka kilovolti ishirini ili uzame zaidi, akasubiri. Mstari wa kwanza ulikuwa wa kijivu. Wa kumi pia. Kwenye mstari wa mia na kitu kikatokea kitone cheupe, kikafuatwa na kingine chini yake, na picha ilipokamilika walikuwa wakitazama nyuzi. Nyuzi nyeupe pe, nyembamba, zimetambaa ndani ya mfupa wa mtoto kama mizizi ya magugu ndani ya ukuta.

Aliuelekeza mwale kwenye uzi mmoja na kufungua kipimo cha eksirei. Kila elementi ikipigwa hutoa miali yenye sahihi yake, na sahihi haighushiwi. Kilele kikainuka upande wa kulia wa chati. Nanyori hakuhitaji kusoma jina.

"Seriamu," alisema.

Mchana huo hawakula makwao.

*

Jumatano, au siku aliyodhani ni Jumatano kwa kuwa uji ulipitishwa kidirishani, Nanyori aliamka na shingo inayouma na kurudi kwenye mashine. Mwalimu alikuwa amelala chali, macho wazi, akitazama taa.

Alizikuza nyuzi mara elfu themanini. Kwa mbali zilionekana kama uzi mmoja usiokatika. Kwa karibu zilikuwa vipandevipande, vyenye kona kali, kimoja kimelala juu ya kingine. Vigae. Kila kigae kilikuwa na mviringo kidogo upande mmoja, kama kipande cha chungu kilichovunjika. Hawa hawakuwa nyuki wazima. Walikuwa maganda ya nyuki waliopasuka, na kigae hakisikii mwito wa mzinga. Kilibaki majini, kikanywewa, kikapita utumboni, kikaenda kutulia palepale mwili wa mtoto ulipokuwa ukijenga mfupa.

"Njoo uone, Mwalimu."

Alikuja, akaona, akarudi kitandani. "Ni mtoto mmoja," alisema.

"Ni mtoto mmoja aliyevunjika. Hatujui wangapi hawajavunjika bado."

"Ukibonyeza si salama, nini kinatokea? Sema wewe, unaijua sheria."

Alikuwa anaijua. Saa ileile mlango unapofunguka, bomba zote za bonde zingefungwa kwa lakiri. Hakuna rufaa, hakuna kusubiri. Watu laki nne wangerudi mtoni na kwenye visima vya zamani, na mwaka wa tatu au wa nne watoto wangeanza kupinda. Alimfikiria Nashipai akichota pale Lemayan alipochota.

"Na ukibonyeza salama," alimjibu, "mizinga inabaki. Na mimi na wewe hatutasema neno maisha yetu yote, hata tukisikia mwingine amevunjika."

"Tunaweza kutafuta njia tukiwa nje. Kumnong'oneza mtu."

"Tukinong'ona hukumu inabatilika na tunafungwa. Mwalimu, wewe ndiye uliyetufundisha kifungu hicho."

Akageukia ukuta.

Nanyori alikaa na vigae vyake. Jambo moja lilikuwa linamsumbua kuliko yote, na alilizungumza kwa sauti, kwa sababu chumba kile kilikuwa kimeanza kumfanya asikie pampu kama mtu anayepumua nyuma yake. Kulikuwa na maelezo mawili. Pengine nyuki walizaliwa dhaifu, na tangu siku ya kwanza walikuwa wakipasuka kidogo kidogo. Basi kila mtoto wa bonde alikuwa na nyuzi hizi, na bomba lazima zifungwe hata kama ni balaa. Au pengine walizaliwa imara, wakazeeka, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufikiri kuubadilisha mzinga. Basi dawa yake ni kubadilisha mizinga iliyochoka na maji yaendelee kutoka.

"Kitu kimoja tu kingetuambia," alisema. "Sampuli ya mwanzo. Ile ya jaribio, kabla nyuki hawajaruhusiwa. Imo ghalani, imefungwa. Kifungu cha kumi na moja kinasema ikisomwa upya ikaonekana salama, hukumu ya sasa inahusu mizinga mikongwe peke yake. Maneno mawili mara mbili, unaona? Tungeweza kusema kweli."

"Haitolewi," Mwalimu alisema akiwa bado amegeukia ukuta.

"Najua. Haitolewi mpaka msomaji wake mwenyewe aje aseme usomaji wake ulikuwa na kasoro, na hilo tu ndilo analoruhusiwa kusema. Na nani atakuja kusema hivyo, apate miaka sita jela? Hata majina yao yalishafutwa."

Mwalimu alifunika uso kwa mkono. Baada ya muda mrefu Nanyori alidhani amelala.

Alijaribu kubonyeza. Hilo hakuwahi kumwambia mtu yeyote. Alisimama mbele ya shaba, akaweka kidole kwenye SALAMA, akahisi ubaridi wake, akakitoa. Akakiweka kwenye SI SALAMA. Alichotaka kusema ni neno moja fupi, sijui, na ukuta mzima haukuwa na mahali pa kulisemea. Kukaa tu ndiko kulikokuwa namna ya kulisema. Alihisi mwamba wote ulio juu yake, mita arobaini za jiwe, na juu ya jiwe watu wanaofungua bomba na kukinga vikombe.

*

Siku ya tatu chakula kilikuja wali na maharage. Mwalimu hakugusa sahani yake. Alivuta kiti mpaka mbele ya Nanyori, akakaa, magoti yao yakakaribia kugusana.

"Ulikuwa na miaka mingapi nyuki walipokuwa wanajaribiwa?"

"Ishirini na minne."

"Mimi nilikuwa humu ndani."

Nanyori aliweka kijiko chini.

"Ndani ya chumba hiki hiki," Mwalimu alisema. "Na mwenzangu, Mungu amrehemu, alikuwa mzee aliyetaka kwenda kulala kwake. Tuliletewa mfupa wa mbuzi aliyenyweshwa maji ya nyuki miaka miwili, pamoja na chembe za nyuki wenyewe. Tuliwasha mashine, jicho la uzito halikufunguka. Bangili iliganda. Tukabonyeza kengele, tukajibiwa kwa karatasi kwamba fundi atachukua siku tano. Mke wangu, Mama Kunda, alikuwa na mimba ya miezi tisa, Nanyori. Daktari alikuwa ameniambia kondo la nyuma limekaa vibaya, damu ikianza ni dakika. Na damu yangu ndiyo iliyokuwa inafanana na yake. Benki ya damu ya wilaya haikuwa nayo."

Alisugua vidole vyake virefu, kimoja kimoja.

"Siku ya pili nikabonyeza salama. Kwa picha ya jicho la ngozi peke yake, mfupa uliosuguliwa ukawa kioo. Nilitoka saa sita mchana, nikamkuta wanamkimbiza chumba cha upasuaji. Nilitoa damu nikiwa nimesimama. Mama akapona, mtoto, Kunda, akapona. Kesho yake nyuki wakapewa kibali."

Pampu ilivuma. Nanyori alikuwa amemheshimu mtu huyu miaka kumi na mitano, na hata sasa heshima ilikataa kuondoka. Ilibaki palepale, na hasira ikaja ikakaa kando yake.

"Jumanne pale mlangoni," alisema hatimaye, "ulipaswa kujitoa. Sheria inasema aliyewahi kusoma kitu haruhusiwi kukisoma tena."

"Nilipaswa."

"Na ulikuwa tayari kubonyeza salama kwa mara ya pili. Kwa picha ileile ya kioo."

"Nilitaka iishe. Nilijiambia kama nitatazama na kukuta uchafu, basi mimi ndiye niliyewanywesha." Aliinua uso. "Nikuambie jambo baya zaidi. Nimejaribu kujuta siku ile, miaka kumi. Nikimwona Mama Kunda anachuma mchicha bustanini, najua ningebonyeza tena."

Nanyori alifikiri juu ya Nashipai na kamba yake. Akajiuliza angefanya nini, yeye, siku ile, na bangili imeganda. Hakupenda jibu alilolipata, kwa hiyo hakumhukumu kwa mdomo.

"Mwalimu, unajua ninachotaka kukuomba."

"Najua tangu jana. Ndiyo maana sikulala." Akatazama vitufe. "Miaka sita. Nitatoka na sitini na minane. Kunda atakuwa amemaliza shule."

"Na kama nyuki walizaliwa dhaifu, watu watajua ni wewe."

"Watajua ni mimi."

"Siwezi kukulazimisha."

"Huwezi. Lakini nikikaa na wewe humu mpaka tuzeeke, haitabadilisha mfupa." Alisimama, akaenda kwenye sahani yake, akaanza kula wali uliopoa, taratibu, mpaka ukaisha wote, kama mtu anayejua hatakula tena kwake kwa muda. Kisha akaomba kalamu.

Aliandika ukurasa mmoja kwa mwandiko wa ubaoni, akatia sahihi, akagonga kidirishani. Askari alipofungua, Mwalimu alimpa karatasi na kumwambia, "Soma, halafu mwite mkubwa wako. Mimi ni msomaji wa sampuli ya mwanzo ya nyuki, na sikuitazama ipasavyo."

Askari alisoma akisogeza midomo. Akamtazama. Akafunga kidirisha taratibu, kama anavyofunga mtu mlango wa chumba cha mgonjwa.

Walikuja baada ya saa tatu. Kwa msomaji anayekiri kosa peke yake, mlango hufunguliwa kiasi cha mtu mmoja kupita. Hewa ya ukumbi iliingia, yenye harufu ya sakafu iliyopigwa deki, na Nanyori alishangaa jinsi miguu yake ilivyoanza kwenda yenyewe. Hatua nne tu. Hakuna aliyekuwa amemshika. Angeweza kupita, akafukuzwa kazi, akaenda nyumbani akaoge, na usomaji uanze upya na watu wengine ambao pengine wangetosheka na jicho la ngozi. Alishika ukingo wa meza ya hadubini mpaka vidole vikauma.

"Ukishaipata," Mwalimu alisema akiwa kizingitini, kati ya askari wawili, "usianze na mfupa. Anza na nyuki wenyewe. Ganda lina siri kuliko mfupa."

"Nimekusikia, Mwalimu."

"Na upunguze mwanga wa skrini. Macho yako mekundu."

Mlango ukafungwa.

*

Alikaa peke yake siku mbili. Aliongea na mashine. Alihesabu alama za patasi darini, akasahau, akahesabu upya. Siku ya tatu ya upweke wake wakamletea msomaji mpya, Bwana Shekalage, mtu wa makamo kutoka Lushoto aliyeingia na sweta begani, akibeba sanduku dogo lenye lakiri ya miaka kumi.

"Nimeambiwa ni kazi ya nusu siku," alisema.

"Karibu. Walitudanganya sote."

Alimwonyesha kwanza vigae ndani ya mfupa wa msichana, akamweleza yote kuhusu sampuli, na Shekalage akaacha mzaha. Kisha wakavunja lakiri ya sanduku. Nanyori alianza na nyuki, kama alivyoagizwa. Aliwanyunyiza juu ya gundi, akasubiri pampu, akaingiza bangili.

Mstari baada ya mstari, wakatokea. Duara jeupe, duara jeupe, duara jeupe. Mamia. Aliwapita mmoja mmoja kwa saa nzima, akitafuta ufa. Shekalage akampokea, akatafuta saa nyingine. Kila ganda lilikuwa zima, nene, limekaa kama yai.

Wakaweka mfupa wa mbuzi. Kijivu. Wakaukuza, wakahamisha mwale pembe zote nne, wakapandisha nguvu mpaka kilovolti thelathini. Kijivu, kijivu, kijivu. Kipimo cha eksirei kiliwapa kalisi na fosfori, mifupa ya kawaida ya mbuzi wa kawaida. Seriamu haikuwemo.

"Walizaliwa imara," Shekalage alisema.

"Wakachakaa." Nanyori alijisikia mwepesi ghafla, kisha akajisikia vibaya. Mwalimu Anaeli alikuwa amebonyeza neno la kweli. Hakulijua, hakulitafuta, alilibonyeza gizani akikimbilia damu ya mkewe, na lilikuwa la kweli. Sasa alikuwa amefungwa, na kifungo kile kilikuwa halali, na bila kifungo kile yeye na Shekalage wasingekuwa na sanduku hili.

Walibonyeza mara mbili. Sampuli ya zamani: SALAMA. Sampuli ya msichana: SI SALAMA. Shaba ilitoa mlio mdogo kila mara. Chuma kikarudi ukutani.

Nje lilikuwa jua kali la saa tano. Hukumu zilikwisha kubandikwa kwenye ubao wa getini kabla yeye hajamaliza kuvaa hereni zake, na chini yake amri ya Baraza: mizinga yote iliyozidi miaka mitano ing'olewe na kubadilishwa ndani ya siku thelathini, vijiji husika viletewe maji kwa magari, bomba nyingine ziendelee. Mzinga wa kijiji cha kina Nanyori ulikuwa na miaka tisa. Nashipai alikuwa amekunywa maji yake tangu aachishwe ziwa. Hilo Nanyori alilibeba kimya tangu Jumanne, na angelibeba kimya kesho pia. Angeweza kumpeleka mtoto hospitali, lakini asingeweza kumwambia daktari atafute nini.

Mbele ya ubao alisimama mwanamke wa makamo mwenye kitenge cha bluu na kapu la chakula mkononi. Alikuwa akisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Nanyori alimtambua kutoka kwenye picha iliyokaa miaka yote mezani kwa Mwalimu.

"Shikamoo, Mama Kunda."

"Marahaba, mwanangu." Yule mama hakutoa kidole ubaoni. Kilikuwa juu ya neno la kwanza. "Unatoka humo ndani, basi wewe ulikuwa naye. Nisomee vizuri, mimi macho yangu siyaamini. Hii ya zamani, ndiyo yake? Wameandika salama?"

"Imeandikwa hivyo, mama."

"Kwa hiyo hakukosea."

Askari wa getini alikuwa ameinua kichwa. Nanyori alifungua mdomo. Alikuwa na jibu, tena refu, lenye mbuzi na bangili na maduara meupe yaliyokaa kama mayai, na lenye kusema kwamba mtu anaweza kuwa amekosea sana na neno lake likawa sawa. Neno moja la jibu hilo lingefuta hukumu zote mbili, na mizinga mikongwe ingebaki matangini.

Alifunga mdomo. Akachukua kapu mkononi mwa Mama Kunda. Lilikuwa zito, lina chupa ya chai na ndizi za kuchemsha.

"Kuwaona wafungwa mwisho saa nane," alisema. "Twende, mama. Nitakusindikiza."